Mume hapigi, halali nje, lakini anapima unga kwa penseli. Kitu hiki tukiite nini kwa Kiswahili?

#1 Mshonaji_Kadutu
Jambo zenu. Tuko wanawake saba kwenye atelye moja hapa Kadutu, Bukavu. Tangu mwaka jana tunasikiliza podikasti tukishona. Mimi ndiye ninayesikia Kifaransa, na Kiingereza kidogo, kwa hiyo nasikiliza usiku peke yangu, kesho yake nawafungulia wenzangu na kusimamisha kila dakika mbili tatu niwaeleze. Tulianza na zile za polisi na damu. Zikatuchosha. Mwisho wa kipindi unamjua muuaji mpaka chakula alichopenda, marehemu unamjua jina na rangi ya nywele. Sasa tunatafuta zile zinazoanza na mwanamke mwenyewe: alikuwa nani, alicheka kwa nini, dada yake anamkumbuka vipi, na ni nini kilikuwa kinampata miaka mingi kabla ya siku ile.

Humo kuna neno linalorudi kila mara. Kwa Kifaransa wanasema contrôle coercitif, yaani mtu kumbana na kumchunga mwenzake kwa kila kitu mpaka anakosa uhuru. Wiki iliyopita nilikuwa naeleza habari ya mume aliyekuwa akidai risiti ya kila kitu, hata ya chumvi. Mwenzetu mmoja akaondoa mguu kwenye pedali. Akasema: wangu hadai risiti, anapiga alama. Kila asubuhi kabla ya kutoka mume wake anafungua ndoo ya unga, anausawazisha kwa kiganja, halafu anachora mstari wa penseli ndani ya ndoo. Jioni anafungua tena na kuangalia. Unga ukishuka kuliko sahani zilizoliwa, maswali yanaanza: nani alikuja, ulimpa nani, mama yako alipita? Mpaka saa sita ya usiku. Miaka 11 ya ndoa hajamgusa hata kwa kofi.

Akaniuliza: na hiyo ina jina? Nikakosa la kumjibu kwa Kiswahili. Mnisaidie.

#2 Motari_Nyawera
Mama, mimi naona munaongeza chumvi. Unga ukiisha mbele ya mwezi kuisha, nani anatafuta mwingine? Ni mimi juu ya moto, pikipiki yangu, mvua inanipiga kutoka Nyawera mpaka Panzi. Baba yangu alikuwa anapima na alitulea sisi tisa. Kupima si kosa.

#3 Mwalimu_Bagira
Kwenye maandishi ya mashirika nimekutana na "udhibiti wa kushurutisha". Ni sahihi lakini ni neno la semina, halitoki mdomoni kwa mtu.

Motari, nikuulize. Ukipima unga, mke wako naye anaweza kukuuliza pesa za siku zimekwenda wapi?

#4 Motari_Nyawera
Anauliza kila siku mwalimu, na anajua bei ya esansi kuliko mimi.

#5 Mwalimu_Bagira
Basi nyinyi mna bajeti. Kwenye ndoo ya posti namba 1 penseli iko mkononi mwa mtu mmoja.

#6 Kasuku_Kigoma
Salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Mimi napendekeza UNYAPARA. Nyapara ni msimamizi wa kazi za shuruti, anayesimama juu ya kichwa cha mtu akihesabu mafungu. Hahitaji kupiga kila siku, kuwepo kwake kunatosha. Unyapara wa ndoa.

#7 Lushois_243
Kasuku, huku kwetu Lubumbashi tuko na neno ya bakubwa: KAPITA, njo msimamizi wa kazi. Babu yangu alifanya mu mine, alikuwa anasema kapita hana haja ya fimbo kama iko na kitabu ya majina. Bukapita ya mu nyumba. Iyo kila mutu wa Katanga ataelewa.

Na kuhusu sheria, Waingereza njo baliandika ya kwanza, mu 2018.

#8 Bahati_Brisbane
Nawasalimu, mimi ni mtoto wa Bagira, nimefika Australia kama mkimbizi. Niongeze kitu kuhusu zile podikasti, kwa sababu huku nilipo neno hili lilijulikana kwa njia ya uchungu.

Tarehe 19 Februari 2020, hapa Brisbane, Hannah Clarke, miaka 31, mwalimu wa mazoezi ya mwili, aliuawa pamoja na watoto wake watatu, Aaliyah, Laianah na Trey. Aliyewaua ni mume aliyekuwa ametengana naye. Jinsi alivyowaua sitaandika, kila mtu aliandika hiyo. Niandike ambayo wazazi wake hawajaacha kuirudia: Hannah mwenyewe alichelewa kujua kwamba anateswa, kwa sababu alikuwa hapigwi. Alikatazwa kuvaa rangi ya waridi. Alikatazwa nguo za kuogelea. Simu yake ilichunguzwa. Yeye aliona ni tabia ya mume mgumu, basi.

Wazazi, Sue na Lloyd Clarke, walianzisha shirika la kufundisha watu dalili hizi, na wamekwenda kwenye redio na podikasti nyingi kusema. Mimi nilijifunza kutoka kwao, si kwa polisi. Queensland sasa ni kosa la jinai tangu tarehe 26 Mei 2025, kifungo mpaka miaka 14. New South Wales walitangulia, tarehe 1 Julai 2024, mpaka miaka 7.

#9 Avoka_Ibanda
Lushois, nikusahihishe kidogo. England na Wales ni sheria ya 2015, kifungu cha 76 cha sheria ya makosa makubwa, ilianza kutumika tarehe 29 Desemba 2015, kifungo mpaka miaka 5. Ya 2018 ni ya Scotland, wao wana sheria yao peke yao, ilianza tarehe 1 Aprili 2019 na inafika miaka 14. Ireland nayo ilipitisha yake 2018, ikaanza tarehe 1 Januari 2019.

Wazo lenyewe lilisambazwa sana na Mmarekani Evan Stark, kitabu chake kilitoka 2007. Alisema tumekosea kuhesabu makofi, kwa sababu kinachoibiwa ni uhuru wa mtu. Aliyefungwa nyumbani anafanana na mateka kuliko na mtu aliyepigwa barabarani.

#10 Lushois_243
Asante avoka. Nilichanganya.

#11 Mama_Mapacha
Mimi nasoma tu na kushangaa. Mume wangu ananipigia simu kila saa moja kujua niko wapi. Nikiwa sokoni anataka nimuonyeshe kwa video. Nikichelewa kupokea anaumwa na wasiwasi. Mimi naona ni upendo. Wengine waume zao hawajui hata kama wamekula. Msiharibu ndoa za watu na mambo ya wazungu.

#12 Yaya_Riziki_Goma
Mama Mapacha, hakuna anayekugombeza hapa. Karibu.

Mimi swali langu ni lingine, nalo linanikaa rohoni. Binti ya mama yangu mdogo aliuawa na mume wake hapa Goma. Siku ya pili picha ya mwili wake ilikuwa kwenye kila grupu ya WhatsApp. Mama yake aliiona kwenye simu ya muuza makaa. Sasa nikisikia "podikasti ya mauaji" tumbo linanikamata. Nani alimuuliza mama? Na katikati ya habari wanaingiza tangazo la godoro. Nimesikia hiyo kwa masikio yangu: mtu anakata roho, halafu godoro.

#13 Mshonaji_Kadutu
Yaya, pole sana. Za godoro ndizo tulizoacha. Tunazosikiliza sasa, dada wa marehemu au rafiki yake ndiye anayezungumza kwanza, na mara nyingi kifo chenyewe kinasemwa kwa sentensi moja. Sehemu kubwa ni miaka ya kabla: alivyoacha kwaya, alivyoacha kuja kwa dada, alivyoanza kuomba ruhusa ya kwenda saluni.

#14 Fundi_Redio
Ile ya Marekani ya 2014, Serial, iliyovuta dunia nzima kwenye podikasti, si ndiyo iliyoanza kumuweka marehemu mbele?

#15 Bahati_Brisbane
Hapana kaka. Ile ilimfuata zaidi Adnan Syed, aliyehukumiwa, na swali lilikuwa ni yeye au si yeye. Hae Min Lee, msichana aliyeuawa Baltimore mwaka 1999, alibaki pembeni, na ndugu zake wamelalamika mahakamani na nje kwamba kwao haya si burudani.

Mfano wa karibu zaidi na tunachozungumza ni wa huku Australia, The Teacher's Pet ya 2018. Lynette Dawson, mama wa watoto wawili, alipotea Sydney Januari 1982. Mume wake, mwalimu wa michezo, alisema ameondoka mwenyewe, na msichana aliyekuwa mwanafunzi wake akahamia ndani ya nyumba. Miaka mingi watu wengi waliikubali hiyo. Podikasti iliwapa nafasi majirani na wafanyakazi wenzake waliokuwa wameona alama mwilini mwake na kusikia alivyokuwa akizungumzishwa. Agosti 2022 mume huyo, Chris Dawson, alipatikana na hatia, akapewa miaka 24.

#16 Avoka_Ibanda
Kweli, lakini useme na upande wa pili. Podikasti hiyo hiyo ilikaribia kuharibu kesi. Iliondolewa hewani Australia 2019 ili kesi iwe ya haki, na mwishowe kesi ilisikilizwa na jaji peke yake bila baraza la wazee wa mahakama. Wakili wa utetezi akakuta silaha: shahidi huyu anakumbuka alichokiona 1982, au alichokisikia kwenye spika 2018? Wanaotaka kuanzisha ya kwetu walitie hilo akilini kabla ya kununua maikrofoni.

#17 Yaya_Riziki_Goma
Ndiyo maana nasema sharti liwe moja: mama wa marehemu aseme ndiyo, tena aseme mara mbili, siku mbili tofauti. Bila hivyo hakuna kurekodi.

#18 Mchungaji_Kijana
Bwana asifiwe. Naomba tusisahau Efeso 5:22, wake watii waume zao. Na mauaji mengi ni hasira ya ghafla, shetani anaingia dakika moja. Mtu anaona ujumbe kwenye simu ya mke, anapotewa na akili. Hatuwezi kumfanya kila mume mwenye wivu kuwa muuaji.

#19 Mwalimu_Bagira
Mchungaji, aya ya 21 inasema mtiiane nyote, na ya 28 inasema ampende kama mwili wake mwenyewe. Nani anapigia mwili wake mstari wa penseli?

#20 Nesi_Mstaafu
Amani kwenu. Mchungaji, hiyo ya dakika moja nilikuwa naiamini na mimi. Profesa Jane Monckton Smith wa Uingereza alichunguza mauaji 372, na mwaka 2019 akaonyesha kwamba hayadondoki kutoka mbinguni. Yana ngazi nane. Mume ana historia ya kubana wanawake wa kabla. Mapenzi yanakimbizwa, wiki chache tu anataka muishi pamoja. Halafu udhibiti. Halafu kinatokea kitu kinachotishia udhibiti huo, mara nyingi mke kusema naondoka. Hapo vitisho vinapanda, mawazo yanabadilika, anapanga, anaua. Ile "hasira ya ghafla" ni ngazi ya mwisho, majirani wanaiona peke yake kwa sababu ndiyo yenye kelele.

Jambo moja kutoka kazini kwangu. Miaka mingi nilipokea wanawake waliotoka mateka msituni. Nilizoea wanavyokaa: mgongo ukutani, wanaomba ruhusa ya kwenda choo. Siku moja akaja mama aliyevaa vizuri, wa mjini kabisa, mume wake ana kazi nzuri. Amekuja kwa presha tu. Nilipomwambia asubiri, akasimama. Nikamwambia kaa mama. Akaniuliza, "nikae wapi?" Benchi lote lilikuwa tupu. Nilibaki nimeshika karatasi yake ya presha.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1957 Mmarekani Albert Biderman aliandika mbinu zilizotumiwa kwa wanajeshi wa Marekani waliotekwa vita vya Korea: kumtenga mtu, kumchosha, kumtisha, kumdhalilisha, kumpa zawadi ndogo mara moja moja ili azidi kutii, kumlazimisha kutii vitu vidogo visivyo na maana. Vitu vidogo! Wanaharakati wa wanawake wakaichukua orodha hiyo kwa sababu waliona nyumba zao humo.

#21 Motari_Nyawera
Nesi, hii ya benchi imenigusa. Nitasema kitu.

Kuna bibi mumoja nilikuwa nabeba kila asubuhi, kutoka Nguba mpaka kazini. Kila siku mume wake anapiga picha plaki ya namba ya moto yangu, anapiga na sura yangu. Mimi nilifikiri ni usalama, mji wetu munaujua. Siku moja barabara ilifungwa pale kartye Essence, tukazunguka na juu. Dakika kumi na tano za kuchelewa. Ule mama alikuwa analia juu ya moto, ananiomba nimuandikie karatasi kwamba barabara ilifungwa, na niweke sahihi. Mimi, motari, niweke sahihi! Nikaweka. Sikumuuliza kitu. Wiki ya mbele hakuja tena, na mimi nikapata kliyenti mwingine.

#22 Mshonaji_Kadutu
Motari, asante kwa kusema. Uliweka sahihi, hukumcheka. Siku ile huenda ilimsaidia.

#23 Mdadisi_Zamani
Kwa wanaosema ni mambo ya wazungu. Nilikuwa kati ya waliokwenda nyumba kwa nyumba kwenye uchunguzi wa afya wa 2013-2014, EDS. Mle ndani kulikuwa na maswali haya kwa wanawake: je, mume wako ana wivu ukizungumza na wanaume wengine? Anakusingizia kwamba una mwingine? Anakukataza kuonana na rafiki zako wa kike? Anapunguza kuonana kwako na familia yako? Anashikilia kujua uko wapi kila wakati? Kwa hiyo nchi yetu iliuliza kabla podikasti hazijafika kwetu. Watu wanakumbuka tu ile takwimu ya kupigwa, 52 kwa 100 tangu umri wa miaka 15.

Sheria ya kazi ilikuwa lazima tuwe peke yetu na mama. Mtu akiingia, tunaruka na kuuliza habari za maji na chanjo. Nyumba moja mume aliingia mara nne. Mara ya nne mama ndiye aliyeanza mwenyewe: "na chanjo ya surua, uliniuliza?" Alikuwa amejua mchezo kabla yangu.

#24 Kasuku_Kigoma
Mdadisi, hiyo ya chanjo ya surua isipotee, mtu aihifadhi.

Narudi kwenye jina. Unyapara mnaonaje?

#25 Lushois_243
Bukapita!

#26 Mwalimu_Bagira
Shida yangu na yote mawili: nyapara na kapita ni watu wa nje, mtu anajua kwamba ni maadui wake. Huyu wa nyumbani anakuletea pia juisi ukiumwa. Jina liwe na hicho ndani yake.

#27 Mshonaji_Kadutu
Mwalimu umefika penyewe. Kwenye atelye wenzangu wameacha kunisubiri. Sasa wanasema tu "ana penseli". "Shemeji yako naye ana penseli." Jana nilisikia mmoja akimsemesha binti yake hivyo kwenye simu: mchumba huyo muangalie mfukoni kama hana penseli.

#28 Fundi_Redio
Hiyo naikubali kuliko zote. Lakini Mkenya akisikia "ana penseli" atadhani ni mwanafunzi.

#29 Lushois_243
Avoka, swali ya kweli: kwetu Kongo kuna fasi ya kushtaki penseli? Mimi najua bibi hawezi hata kufanya kazi bila ruhusa ya bwana, ni mu Code ya familia.

#30 Avoka_Ibanda
Hiyo ilikuwa. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mikataba yake. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha, sasa wote wawili ndio wanaotakiwa kukubaliana. Lakini mume amebaki kuwa mkuu wa nyumba kwa maandishi, na hiyo ndiyo karatasi wanayopunga. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaiagiza serikali ipige vita ukatili kwa wanawake hadharani na faraghani. Kosa lenye jina la kitu hiki halimo kwenye sheria yetu ya jinai. Tunashtaki vipande: kipigo, tishio, kutelekeza. Penseli haimo. Na tangu mji wetu uchukuliwe na waasi wa M23 Februari 2025, kupeleka kipande chochote mahakamani kuna maswali yake.

#31 Yaya_Riziki_Goma
Ongeza hili avoka. Benki zilipofungwa huku kwetu, pesa zote zikahamia kwenye simu. Anayeshika simu na kode ya siri ndiye anayeshika chakula. Wanawake niliowaona wakishika mshahara wao wenyewe benki, leo unaingia kwenye namba ya mume "kwa usalama". Vita viliwapa penseli hata waliokuwa hawana.

#32 Motari_Nyawera
Na dot, ile mahari? Mutu akitoa ng'ombe, ndugu zake banamuambia umenunua. Mimi naona shina iko pale.

#33 Bahati_Brisbane
Huku hakuna ng'ombe wala dot, na Hannah aliuawa. Sidhani ni shina.

#34 Motari_Nyawera
Labda huku kwetu shina ni ile, na kule ni nyingine.

#35 Nesi_Mstaafu
Mimi naona ni woga wa mwanaume kuachwa. Dot, benki, Biblia, sheria, vyote ni vifaa anavyovikuta karibu.

#36 Mchungaji_Kijana
Nesi, nimesoma posti yako ya benchi mara tatu. Jumamosi nina mafundisho ya wachumba kumi na wawili. Sikubali kwamba wivu wote ni dalili. Lakini hilo la mapenzi kukimbizwa wiki chache nitalisema, kwa sababu mimi mwenyewe nimefungisha ndoa za namna hiyo na kuwapongeza kwa haraka yao.

#37 Fundi_Redio
Jambo la kazi kwa wanaosikiliza. Programu za podikasti zinaweka historia. Mume mwenye penseli akifungua simu atakuta orodha ya vipindi na majina yake. Mama Mshonaji anavyofanya, spika moja ya atelye na simu moja isiyo ya mwenye shida, ndiyo njia salama. Mkitumiana, wekeni kwenye kadi ya memori, jina la faili liwe la kawaida, "mafundisho ya kushona 4". Sauti kwenye WhatsApp hapana, mtu anaibonyeza tu na inalia nyumba nzima.

#38 Yaya_Riziki_Goma
Na mtu asiambiwe "ondoka leo". Ngazi za nesi zinaonyesha siku ya kuondoka ndiyo ya hatari kubwa. Binti yetu aliambiwa na sisi wote aondoke, tukampigia makofi siku aliyoondoka, na hakuna hata mmoja aliyelala naye usiku ule. Mimi nilikuwa nimechoka nikasema nitakuja kesho.

#39 Nesi_Mstaafu
Riziki, wewe hukumuua.

#40 Yaya_Riziki_Goma
Najua nesi. Najua. Aliitwa Mama wa Vitumbua avenyu nzima, kwa sababu alikuwa anakaanga alfajiri na kuwapa watoto wa shule wasio na pesa. Nikirekodi siku moja, nitaanza na mafuta yanavyolia kwenye karai.

#41 Kasuku_Kigoma
Anza hivyo hivyo. Mafuta, halafu sauti ya mama yake.

#42 Mama_Mapacha
[Posti hii imeondolewa na msimamizi kwa ombi la mwenyewe]

#43 Mshonaji_Kadutu
Dada, nimekujibu kwenye sanduku la ndani. Wenzangu, aliyewahi kuisoma asiinukuu. Na ile ya kwanza, namba 11, msimamizi tafadhali ipe jina lingine.

#44 Lushois_243
Nilikuwa nimeshainukuu. Nimefuta.

#45 Msimamizi
Namba 11 tunaishughulikia. Uzi unabaki wazi.

#46 Motari_Nyawera
Mama Mshonaji, kama kuna mutu anahitaji kubebwa siku yoyote, saa yoyote, hata usiku, niandikie ndani. Sitapiga picha ya mutu na sitauliza pesa.

#47 Mshonaji_Kadutu
Nimekuandikia.